Stesheni ya Delicias, Madrid

Ukifika Madrid, usiikose Makumbusho ya Reli! Yamo ndani ya stesheni ya Delicias, iliyofunguliwa 1880 na kuacha kupokea abiria 1969. Makumbusho yalifunguliwa humo 1984.

Jengo lenyewe lilinishika kuliko treni. Paa la chuma limevuka reli zote bila nguzo hata moja katikati, upana wa mita 35 hivi, na urefu wa ukumbi ni kama mita 170. Nilitembea nikiangalia juu tu!

Vichwa vya treni vya mvuke vimesimama palepale abiria walipopandia. Kile cha kijani cha miaka ya 1950, Confederación, magurudumu yake yananipita kimo. Mkahawa nao umo ndani ya behewa la zamani la chakula. Wahispania wameitunza stesheni yao, nawapongeza sana.