Maji yakijaa, ushahidi umekwenda

Wiki hii nimerudia riwaya ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale. Muuaji ninamjua tangu zamani, kwa hiyo safari hii sikuwa na haja naye. Nilitaka kuona Muhammed Said Abdulla anavyomtia kazini mpelelezi wake, Bwana Msa. Hadithi ile ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kutoka kitabu mwaka 1960, na mwandishi mwenyewe alikuwa mtoto wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Bwana Msa hana maabara. Ana kiko chake, ana macho, na ana subira ya kumwacha mtu aseme mpaka ajikwae mwenyewe. Mtu ameuawa mzimuni, na wapo walio tayari kuamini kuwa wa kulaumiwa ni mzimu. Yeye hakubali, basi.

Nimeisoma kwa jicho la mwizi, maana nami nina hadithi yangu ya upelelezi ninayoiandika polepole, ya kijiji kidogo cha upande wa mashariki wa Unguja. Na kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoudhika na riwaya zinazoifanya bahari kuwa pazia tu: mawimbi, mwezi, maiti imetupwa ufukoni, kisha hadithi yote inamalizikia kituo cha polisi. Bahari haisemi lolote humo. Ungeweza kuihamishia kesi ile Dodoma na isipungukiwe kitu.

Kumbe bahari ndiyo shahidi wa kwanza. Upande ule maji yakipwa yanakwenda mbali mno, hadi karibu na mwamba wa nje, na pwani yote inabaki wazi: wenye mashamba ya mwani wameinama kwenye kamba zao, wanawake wanachokoa pweza mawindoni. Anayetembea kule nje anaonekana na kijiji kizima, hata kama hakuna anayejifanya kumtazama. Saa chache baadaye maji yanarudi, na nyayo hazipo tena.

Na maji yana hesabu yake. Mwezi ukiandama au ukipevuka, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, huku Unguja hujaa kama saa kumi alasiri na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo ikifika mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi kuandama, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa, tena ni maji mafu, hata yakipwa hayendi mbali. Sasa mtie mtu barazani aseme, "Asubuhi ile mimi nilikuwa mwambani nachokoa pweza," na siku yenyewe ilikuwa mwezi nane. Ofisa aliyetumwa kutoka mjini ataandika maneno yale daftarini na kushukuru. Bibi aliyekaa pembeni akisuka ukili ameshajua kuwa ni uongo. Hatainua hata uso.

Hapo ndipo penye uhondo, kwangu mimi. Kijijini siri haifichwi na mtu mmoja, inalindwa na wote. Mpelelezi hana shida ya kumpata anayejua. Shida ni kumpata anayeona kuwa kusema ni halali. Yule bibi akisema, anamtia jela mtoto wa nduguye, au anamvunjia heshima marehemu, au anaamsha ugomvi wa shamba ambao wazee waliuzika. Akinyamaza, muuaji anaendelea kumwamkia shikamoo kila asubuhi.

Kuna msemo, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nimeuchukua kama ulivyo na kumfanya mwosha mhusika wangu mkuu. Fikiria: mtu kafariki alfajiri, adhuhuri ameshaoshwa, alasiri yuko kaburini, maana kwetu maiti hailazwi bila sababu. Mikono iliyomgeuza, iliyopita nyuma ya shingo na kugusa pale palipovimba, ni ya mama mmoja tu na msaidizi wake. Na dini inamtaka mwosha asitiri aliyoyaona. Mwenye ushahidi mzito kuliko wote ndiye aliyefungwa mdomo, na hakufungwa na muuaji wala kwa rushwa. Amejifunga mwenyewe kwa imani yake, na mimi siwezi kumcheka kwa hilo.

Rafiki yangu aliyesoma rasimu anasema nimfanye aende kwa sheha usiku, akatoboe kila kitu. Sitaki. Mwanamke niliyemjenga hatoki hivyo. Tena kuna swali la dini lenyewe: je, kusitiri aibu ya maiti kunamkinga hata aliyemuua? Shekhe mmoja angemwambia kuwa jeraha la kupigwa si aibu ya marehemu, ni haki yake inayodaiwa. Nafikiri hilo ndilo litakalomfungua mdomo, lakini alipate mwenyewe, kwa kuuliza swali lake kama vile anauliza la mtu mwingine, kama waulizavyo watu wa pwani.

Kwa hiyo sura zinazofuata nitaziandika nikiwa na kalenda ya mwezi mezani. Mauaji nimeyapanga mwezi saba usiku, mazishi mwezi nane. Mwongo wangu atasema alikuwa mwambani saa nne asubuhi, na mwosha atakuwapo kwenye mkeka wa matanga akimsikia anavyosema.