Sili ya pinioni husingiziwa

Jumamosi nzima imeishia chini ya Land Rover. Mikono bado inanuka oili ya difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli, ile harufu ya kiberiti isiyosikia sabuni, maana oili hiyo, EP90, hutiwa dawa zenye salfa ili meno ya kroni na pinioni, gia mbili za humo ndani, yasilane. Chakula nimetengewa barazani, na sikulalamika.

Gari ni Series III, ile fupi ya inchi 88, injini ya petroli ya lita 2.25. Aina hii ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ni mtu mzima. Yangu ilikuwa ikidondosha oili mbele ya difu la nyuma, pale propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, inapofungwa. Nilifuta kote kwa mafuta ya taa, nikaiendesha hadi Mzumbe na kurudi, kisha nikaingia uvunguni na tochi. Upande wa ndani wa magurudumu pakavu, kumbe sili za hab, mipira inayozuia oili isitokee kwenye magurudumu, hazina neno. Lakini flanji, kile kisahani cha pinioni kinachofungwa propela, ilikuwa imerusha oili duara zima, mpaka juu chini ya sakafu ya bodi. Hapo hapana ubishi tena: inayovuja ni sili ya pinioni.

Upo utani kwamba Land Rover isiyovuja imeishiwa oili. Tumeurithi, tunaucheka, na ndio unaomfanya mtu aache difu likauke mpaka lianze kuimba. Mimi umenichosha.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi, alipita na kuniona miguu tu ikichungulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sili hiyo?"

"Ndiyo, mzee. Imechoka."

"Imechoka au imechoshwa? Angalia kipumulio kwanza, mwanangu."

Kipumulio ni kidude kidogo kilichofungwa juu ya ekseli. Difu likipata joto, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Kikiziba, hewa hutafuta penye udhaifu, na penye udhaifu ni mdomo wa sili. Ubaya mwingine ni ule wa kuvuka mto gari likiwa limechemka: ekseli hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, maji yakavutwa kupitia sili zilezile, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Changu kilikuwa kimejaa tope lililokauka kama tofali. Nilikichokonoa kwa waya, nikakiosha kwa petroli, nikakipuliza mpaka kikapitisha.

Kuhusu kufungua, neno moja kwa mwenye Series asiyelijua: handbreki ya magari haya haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, na nguvu yake hufika nyuma kwa kupitia propela. Ukitoa propela umeitoa handbreki, hata kama umeivuta hadi mwisho. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu kabla hujagusa spana namba 9/16. Vilevile fungua kwanza kifuniko cha kujazia oili, ndipo ufungue cha kumwagia. Kile cha juu kikigoma baada ya kumwaga, huna gari.

Kabla ya kutoa nati niliishika flanji na kuitikisa juu na chini. Ingecheza, basi beringi za pinioni zimekwisha, na sili mpya ingekuwa hela ya kutupa. Haikucheza. Nati yenyewe ina mapengo na kipini cha kuizuia. Flanji niliizuia isizunguke kwa kipande cha chuma bapa kilichotobolewa matundu mawili na kufungwa kwa bolti zilezile za propela. Nati ilitoka kwa kelele moja.

Na hapo ndipo mzee alipothibitika. Sili ya zamani ilikuwa ngumu, sawa, lakini kasoro kubwa ilikuwa kwenye flanji: pale mdomo wa sili unapolalia, chuma kilikuwa kimelika mfereji. Ukipitisha ukucha unanasa. Mpira unakula chuma, ndiyo, kwa sababu vumbi hukaa kwenye mdomo wake na kufanya kazi ya msasa kwa miaka. Ukiweka sili mpya juu ya mfereji ule, itavuja tena, kisha utamtukana aliyekuuzia sili. Wapo wanaopaka silikoni nje. Silikoni ya nje ni plasta kwenye bomba lililopasuka, siitaki kwenye gari langu.

Nilipata flanji iliyotumika kutoka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Sehemu ya kulalia sili ilikuwa laini, nikaipitishia msasa mwembamba sana. Sili niliigonga taratibu kwa kipande cha mbao, nikizunguka ukingo ili isiingie upande, springi ikitazama ndani, mdomo nimeupaka grisi ili usizunguke mkavu mwanzoni. Nati nikaikaza kwa futi-pauni 85 kama mwongozo unavyotaka. Tundu la kipini halikulingana na pengo, nikaisogeza mbele kidogo hadi likalingana. Kurudisha nyuma ni mwiko. Oili nikajaza mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, kama lita moja na robo tatu.

Leo nimeiendesha hadi difu likapata joto la kutosha, nikatandika kadibodi chini yake. Kavu.

Jioni nikafungua na kipumulio cha ekseli ya mbele, ambayo haijawahi kudondosha hata tone. Nacho kimeziba vilevile. Nimekisafisha.