Bei ya kiboko wangu, na kipi ndani yake ni changu

Mgeni mmoja alisimama kwenye meza yangu pale Main Street, Jinja, Uganda, akamshika kiboko wa uzi niliyemfuma, akalipa shilingi 25,000 bila kupatana. Akimtia mkobani aliniuliza mambo mawili: amekuchukua muda gani, na umembuni mwenyewe? Nikamjibu siku mbili. Nikamjibu ndiyo. Muda nilibahatisha tu, na ile "ndiyo" ilikuwa uongo. Maelekezo ya yule kiboko niliyanunua kwa simu, yameandikwa na mbunifu wa Uholanzi, na nilichobadilisha mimi ni rangi ya uzi peke yake.

Nilirudi nyumbani Walukuba nimekosa raha. Nimekuwa nikiuza kazi ya mikono yangu miaka mitatu, na nilikuwa sijui bei yake wala kipi ndani yake ni changu.

Krosheti nilifundishwa na shangazi yangu nikiwa darasa la tano, kwa vile vitambaa vyeupe vya kufunika makochi ambavyo huku kwetu havikosekani sebuleni. Mtu akimwuliza bei, shangazi huangalia uzi umemgharimu kiasi gani, anazidisha mara mbili, basi. Nami nilishika hesabu hiyohiyo. Uzi, pamba ya kujazia, macho na mfuko ni 13,000. Mara mbili 26,000. Mteja akinung'unika tunashuka hadi 25,000.

Jumatatu iliyofuata nilichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, nikaanza kuandika saa kila niliposhika sindano na kila nilipoiweka chini. Mtoto akilia, naandika. Umeme ukikatika, naandika. Kichwa kilikula saa mbili na nusu, mwili saa mbili, miguu na masikio saa moja na nusu, kujaza na kushonea saa nzima. Saa saba. Mguu mmoja wa nyuma niliufumua mara mbili kwa kukosea idadi ya vitanzi, na huo muda upo humo humo, kwa sababu kufumua nako ni kazi.

Kisha kuna nauli. Uzi naufuata Kikuubo, Kampala, kwa teksi kwenda na kurudi. Nikiigawa kwa vitu ninavyofuma kabla ya safari nyingine, kila kiboko anabeba kama 2,000. Kwa hiyo katika zile 25,000 mkononi nilibaki na 10,000 kwa saa saba. Hazifiki 1,500 kwa saa. Nilizitazama zile namba nikanyamaza muda mrefu.

Jirani yangu ni msusi. Nilimwuliza, dada, kichwa cha saa tano unatoza ngapi? Akasema 20,000. Nikasema na mimi nianzie hapo, 4,000 kwa saa. Saa saba ni 28,000, vifaa na nauli 15,000, jumla 43,000. Nikaandika 45,000. Wiki mbili sikuuza hata kimoja, na kila jioni nilitamani kurudisha ile bei ya zamani. Wiki ya tatu waliondoka watatu.

Palipokuwa na mtego ni dukani. Duka la zawadi lilikubali kuniuzia viboko wangu, lakini linakata asilimia 30. Kwenye 45,000 mimi napata 31,500. Toa vifaa na nauli, nimebaki na 16,500 kwa saa saba, yaani karibu narudi nilikotoka. Ilibidi bei ya dukani iwe 60,000, ambayo baada ya makato ni 42,000. Na mwenye duka akaniambia wazi, "Dada, ukiuza mezani kwako kwa bei ya chini, wateja wangu wataniona mwizi." Ana haki. Sasa ni 60,000 kila mahali, na kwa asiye na hizo nafuma vile vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo, dakika 40 kimoja, 7,000.

Upande wa ubunifu ulinichoma zaidi. Nilifungua tena yale maelekezo ya Mholanzi nikasoma ukurasa wa mwisho, ambao sikuwahi kuufikia. Anaruhusu kuuza unachofuma kwa mikono yako mwenyewe, mradi umtaje. Hakuruhusu kusambaza karatasi zenyewe. Nami nilikuwa nimezirusha kwenye kundi letu la WhatsApp, akina mama 14. Nilimwandikia nikakiri. Akanijibu kwa upole, akaomba nizifute. Nilipowaambia wenzangu wafute, watatu walinunua nakala zao, na mmoja akaniita mchoyo. Iliniuma, lakini yule mama wa Uholanzi anakula kwa karatasi zile kama mimi ninavyokula kwa viboko.

Nikatafuta Sheria ya Hakimiliki ya Uganda, ya mwaka 2006, nikaisoma polepole. Kazi za sanaa za mikono zimo. Haki inaanza pale kazi yako mwenyewe inapokuwa kitu kinachoonekana, iwe imechorwa, imeandikwa au imefumwa. Kusajili URSB, ofisi ya serikali inayosajili biashara na hakimiliki, kunakupa ushahidi, ila si kusajili kunakozaa haki. Mawazo na mbinu hayana mwenyewe. Kwa hiyo mnyororo, duara na kile kitanzi cha kwanza tunachofundishwa sote ni vya kila mtu. Maandishi, mchoro na picha vina mwenyewe. Duka moja liliponiagiza wanasesere 20 wa mhusika wa katuni maarufu, nilikataa. Ni pesa nyingi nilizoziacha, na kodi ya nyumba ilikuwa karibu. Lakini yule katuni ana kampuni inayommiliki, na sikuwa na ruhusa yake.

Nikaketi nikachora kiboko wangu: mnene, mdomo mpana, na yangeyange mweupe amesimama mgongoni, kama tunavyowaona kwenye Nile. Kila mchoro nikauwekea tarehe. Ilinichukua majaribio sita mpaka yule ndege akasimama bila kuinama.

Miezi minne baadaye nikakuta picha yake kwenye ukurasa wa muuzaji mwingine. Niliijua kwa kitambaa cha bluu kilicho chini, cha marehemu mama, chenye alama ya pasi pembeni. Sikumtukana. Nilimtumia picha halisi yenye tarehe na kurasa za daftari, nikamwomba aiondoe. Aliiondoa siku ileile. Bado anafuma viboko wenye ndege, na hapo sina neno: kiboko mwenye ndege mgongoni si wazo langu, wapo majini. Wake ana umbo lake na amemfuma mwenyewe. Angenakili wangu kitanzi kwa kitanzi kutoka kwenye maelekezo niliyoandika, tungeongea vingine.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa shangazi na daftari langu. Alikuwa anamalizia kitambaa cha meza, maua makubwa katikati, ameahidi kukiuza 60,000. Nikamwomba tu aniambie alianza lini na alifuma saa ngapi kila siku. Tulihesabu pamoja, yeye akitumia vidole. Saa 31. Uzi 30,000. Kwa 4,000 kwa saa inafika 154,000.

Alinyamaza, akakigeuza kile kitambaa upande wa pili kuangalia mafundo.

"Mwanangu," akasema, "andika 150,000, tuone."

Kiko dukani tangu Jumamosi.