Nilivyochoma CD ya muziki isiyokatika kati ya wimbo na wimbo

Redio ninayoipenda kwa sauti yake ni ya zamani: inapiga CD za muziki tu, haisomi MP3 wala haina tundu la flashi. Nilikuwa na rekodi ya onyesho la muziki kwenye kompyuta, nyimbo zikifuatana huku makofi yakiziunganisha, nami nilitaka isikike kwenye redio hiyo bila kukatika hata kidogo.

Jambo la kwanza lilikuwa kuchagua aina ya CD. Ukinakili faili za MP3 kama zilivyo, unapata CD ya data, ambayo redio kama yangu haiwezi kuipiga. CD ya muziki hufuata kanuni za Philips na Sony za mwaka 1980: sauti haibanwi, hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huwa na biti 16 kwa kila upande, kushoto na kulia. Kwa hiyo programu ya kuchomea hufungua kila faili kwanza, na kinachohesabiwa ni dakika wala si megabaiti. CD ya megabaiti 700 huchukua dakika 80 za muziki, hata kama MP3 zako zote kwa pamoja hazifiki megabaiti 100. Nilinunua CD-R, inayochomwa mara moja tu, badala ya CD-RW, inayoweza kufutwa na kuchomwa tena, kwa kuwa CD-RW huakisi mwanga hafifu zaidi na mashine nyingi kongwe hushindwa kuisoma.

Kazi iliyohitaji uangalifu mkubwa ilikuwa kuondoa ukimya kati ya nyimbo. Programu nyingi huweka sekunde 2 za kimya, nami nilizishusha hadi sifuri, kisha nikachagua CD nzima ichomwe kwa mkupuo mmoja ili leza isizimwe kila wimbo unapoisha. Hata hivyo MP3 yenyewe, inapotengenezwa, huongezewa ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni, na katikati ya makofi sikio hulinasa pengo hilo mara moja. Ndiyo maana niliirudia rekodi asilia ya WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, nikaikata upya katika Audacity, programu ya kuhariri sauti. Sekunde moja ya CD ina vipande 75, na wimbo unaoishia katikati ya kipande hujaziwa kimya mpaka kipande kijae; kwa hiyo niliiamuru programu ifanye kila mkato uangukie mpakani mwa kipande. Hatua hii huachwa na wengi, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayostahili muda kuliko zote.

Nilichoma kwa kasi ya 16, yaani mara 16 ya kasi ya kuisikiliza, ambayo humaliza CD iliyojaa kwa takribani dakika tano, na nikaagiza CD ifungwe mwishoni, yaani isiweze kuongezewa kitu tena, kwa sababu isiyofungwa haisomeki kwenye redio za kawaida. Ilipotoka niliiinamisha kwenye mwanga: sehemu iliyochomwa ilianzia karibu na tundu la katikati na kuishia karibu na ukingo, rangi yake ikiwa imetofautiana kidogo na utepe mwembamba uliobaki mtupu. Redio iliisoma papo hapo, na makofi ya wimbo wa kwanza yakaingia katika wimbo wa pili bila pengo lolote.

Jina niliandika kwa kalamu ya wino yenye ncha laini, kwa kuwa tabaka linaloakisi mwanga liko chini kidogo tu ya uso wa juu na ncha kali huweza kulichubua. Faili za WAV nimezihifadhi pia, maana rangi ya CD-R, ambayo ndiyo inayohifadhi sauti, hufifia ikipigwa na jua.