Samaki wangu atanunua nani

Maneno ya shangazi yamenikaa rohoni tangu Jumapili. Wiki hii tasnifu nimeitetea nikapita, dada mdogo kachumbiwa, na bado nikibaki peke yangu ni sauti yake tu naisikia.

Nilikwenda Amboni, hapa Tanga, kumwona; yeye hukaanga samaki akauza. Mnajua masika haya Mto Zigi ulivyomwingilia ndani. Nilimkuta barazani, pembeni yake blanketi mbili za msaada hata kamba hazijafunguliwa. Nikamwambia kwa adabu zote, "Shangazi, hapa bondeni tusijenge tena. Watu wanajenga wakijua maji yakija serikali haitawatupa."

Hoja hiyo ni ya wanauchumi Kydland na Prescott. Waliiandika mwaka 1977 kwa mfano huohuo wa bonde la mafuriko: serikali hata iape kwamba haitajenga kingo, watu hawasadiki, maana nyumba zikishajaa itajenga tu. Mwaka 2004 wakapata Nobel ya uchumi.

Akanitazama. "Mwanangu, mimi nimekaa hapa naingoja serikali?" Akanyamaza kidogo. "Huko juu mnakotupeleka, samaki wangu atanunua nani?"

Samaki wangu atanunua nani. Nimelirudia jikoni, kwenye daladala, hata mbele ya jopo. Liliniuma, kwa kuwa nampenda na nilikwenda kwa wema.

Lakini jana usiku nilikumbuka Jangwani, lile bonde la Dar es Salaam, na moyo ukachangamka. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande, mbali pembezoni mwa jiji, na wapo waliorudi bondeni. Sisadiki kwamba walifuata fidia. Jangwani unakwenda Kariakoo kwa miguu, na riziki ya siku iko huko. Kiwanja kisicho na wateja karibu ni nusu ya msaada. Hilo shangazi kalisema kwa sentensi moja!

Na zile blanketi, Tanga hii ya joto! Karai lake la kukaangia limekwenda na maji, wala hakuna aliyemuuliza. Maduka ya mjini hayakuguswa. Angepewa fedha mkononi, kesho yake yuko kwenye moto anakaanga. Kama maduka nayo yangezama, hapo ningesema leteni vitu, maana fedha zingepandisha bei tu. Haya nayaandika yote, nayapeleka kwa wanaopanga misaada, wakitaka wasitake.

Mtoto anakohoa tangu Alhamisi, dawa ya dukani haijamsaidia. Alfajiri nampeleka hospitali ya Bombo.