Akamtenga na Mkutano

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umekuwa wa shida. Mwanangu wa mwisho ana miezi kumi, na siku hizi namvizia. Akinipa mgongo, kifuniko cha sufuria mkononi, namwita jina kwa sauti ya chini nione kama atageuka. Akigeuka, moyo unatulia. Asipogeuka naita tena, nagonga kijiko, na usiku nashika simu kusoma dalili za usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu, mpaka macho yanauma. Hofu hii ina pa kutokea. Mtoto wa dada yangu kule Kongwa ana usonji, na Jumapili baada ya ibada mama mmoja kijana wa hapa Ipagala alinivuta pembeni akanieleza habari za binti yake wa mwaka mmoja na nusu. Ameniruhusu niandike bila kumtaja. Binti hapungi mkono, haonyeshi kitu kwa kidole, ukimwita hana habari na wewe. Alikuwa ameanza kusema "mama", kisha neno likapotea. Mama huyu alipeleka jambo hilo kwenye maombi, akajibiwa kwamba imani yake ni haba, tena achunguze vizuri ukoo wa mumewe.

Basi nimekaa na Marko 7. Watu wa Dekapoli wanamletea Yesu kiziwi mwenye utasi, yaani asemaye kwa shida, wanamsihi amwekee mkono. Sisi tukifika hapo tunakimbilia Efatha, yaani "Funguka", tunapiga makofi. Lakini kabla ya Efatha imeandikwa, "Akamtenga na mkutano faraghani." Mtu anatolewa kwanza kwenye kelele. Kisha vidole vya Bwana vinaingia masikioni, ndipo ulimi unaguswa, naye anatazama mbinguni na kuugua. Hakuna aliyeulizwa baba yake alifanya nini. Wanafunzi waliwahi kuuliza swali la namna hiyo juu ya kipofu, kwenye Yohana 9, na jibu tunalijua wote: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake."

Sasa ndugu zangu viongozi wa maombi, nivumilieni, maana hili linaniuma. Mtoto wa dada yangu alipokuwa na miaka mitatu alipelekwa kwenye mkutano wa maombezi. Mtoto ambaye hata kinanda kikipandishwa kidogo anaziba masikio na kujikunja, akasimamishwa mbele ya spika, mikono ya watu wazima ikamjaa kichwani, kila mmoja anakemea kwa nguvu zake zote. Akapiga kelele, akajiuma mkono hadi damu. Ikatangazwa kwamba pepo amejidhihirisha. Dada yangu alirudi nyumbani na mtoto anayetetemeka, na mtaa mzima ukawa umeshampa mtoto jina. Miezi mingi hakukanyaga kanisani, na wa kumlaumu si yeye.

Sisemi tusiombe. Nani kati yetu angeishi bila maombi? Nasema tuombe kama Bwana alivyofanya: tumtoe mtoto kwenye kelele, tumguse taratibu, na mama yake asikilizwe mpaka amalize. Mama anayesema "mwanangu hanitazami" amelitazama jambo hilo usiku na mchana kabla ya kulileta kwako. Usimkatize kwa andiko. Eli alikuwa kuhani, naye alitazama midomo ya Hana ikicheza katika maombi akahukumu kwamba amelewa. Baraka ya "Enenda kwa amani" ilikuja baada ya kumsikiliza. Nanyi akina baba mnaosema "kwetu hakuna watoto wa hivi", mnamwachia mwenzenu mzigo wa watu wawili. Mtoto ni wenu wote.

Tena kumpeleka mtoto hospitali si upungufu wa imani. Wale wa Dekapoli nao walimchukua mtu wao wakampeleka. Daktari mwenyewe huanza na masikio: kabla ya kutamka usonji anataka kujua kama mtoto anasikia, kwa sababu asiyesikia naye hageuki akiitwa. Haya muuguzi alinifafanulia vizuri, na kweli yalinipunguzia pumzi ya juu juu. Mtoto kutogeuka mara moja kwa sababu kifuniko cha sufuria kimemnogea si ugonjwa. Wanachoangalia ni mambo kadhaa yanayokwenda pamoja na yasiyobadilika: miezi tisa haitikii jina lake kabisa na uso hauonyeshi furaha wala hasira, mwaka mmoja hana ishara yoyote ya mkono, mwaka na nusu haonyeshi kwa kidole kitu kilichomfurahisha. Mtoto akipoteza maneno au tabasamu alilokuwa nalo, wa umri wowote, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Uhakika wenyewe unaweza kupatikana akikaribia miaka miwili, ila msaada wa kumfundisha kucheza na kuwasiliana hausubiri mpaka apewe jina la ugonjwa. Kwa hiyo siku ya kliniki, foleni iwe ndefu namna gani, usichukue kadi na kuondoka mtoto akishapimwa uzito. Sema kinachokusumbua, na ikibidi omba rufaa ya kwenda hospitali kubwa za hapa Dodoma, General au Benjamin Mkapa.

Na chanjo jamani tusiziache. Ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18, wakati uleule wazazi wengi wanapoanza kuona dalili, ndiyo maana watu wanaunganisha chanjo na usonji. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1998 uliowasha moto huo ulifutwa mwaka 2010 na jarida lililouchapisha. Surua inaua watoto.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwenye ibada iliyojaa watu mpaka nje, wapo. Mtoto wa dada yangu sasa ana miaka tisa. Anapanga vizibo vya soda barazani kwa rangi, vyekundu mwanzo, na ukikisogeza kimoja atakirudisha bila kukutazama. Kusema hasemi sana, lakini pambio likianza analiimba mpaka beti la mwisho. Ninapomsikia nakumbuka Musa akilia kwamba ulimi wake ni mzito, na Bwana akamjibu, "Ni nani aliyekifanya kinywa cha mwanadamu?" Kisha akampa Haruni wa kwenda naye.

Mama yetu wa Ipagala anampeleka binti kwa daktari wa watoto Jumanne asubuhi. Mume yuko safarini. Ana mapacha wa darasa la pili wanaotoka shule saa sita. Natafuta mtu wa kuwapokea na kuwapa chakula, na mwingine wa kukaa naye kwenye foleni, asiyeongea sana. Mwenye nafasi anipigie kabla ya Jumatatu jioni.