Ile 2 ilitoka wapi?

Mdogo wangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa hisabati, na jioni moja aliniletea daftari lenye swali hili: √(x + 7) = x − 5. Alishalifanya lote. Alizidisha kila upande kwa wenyewe ili kipeuo kiondoke, akapata x + 7 = x² − 10x + 25. Akahamisha, akabaki na x² − 11x + 18 = 0, akaweka mabano: (x − 9)(x − 2) = 0. Majibu yakawa 9 na 2. Nyuma ya kitabu kulikuwa na 9 peke yake.

"Dada, nimekosea wapi?"

Nilipitia mstari kwa mstari na sikuona kosa. Nikamwambia arudishe kila jibu kwenye swali. Kwa 9, √16 ni 4, na 9 − 5 ni 4. Kwa 2, √9 ni 3, lakini 2 − 5 ni −3. Basi 2 inatupwa.

Aliandika, ila hakufunga daftari. "Sawa, si jibu. Sasa imetoka wapi? Mimi sikuitunga."

Swali hilo nalipenda mpaka leo. Kitabu chake kiliagiza tu majibu yahakikiwe, bila kusema jibu la uongo huingilia mlango upi, na naona hapo wanafunzi wananyimwa kitu chao.

Tukaifuatilia 2 kinyumenyume. Katika mlinganyo wa mwisho, 4 − 22 + 18 = 0. Kweli. Tukapanda juu yake: 2 + 7 ni 9, na 4 − 20 + 25 ni 9. Kweli tena. Tukapanda hadi swali lenyewe: 3 = −3. Tukamkamata hapo! Uongo uliingia kati ya mstari wa kwanza na wa pili, pale alipozidisha. 3 na −3 hazilingani, lakini kila moja ukiizidisha kwa yenyewe unapata 9, na alama ya kutoa imeshafutika. Ukishuka, jibu la kweli halipotei njiani, ndiyo maana 9 ilifika salama. Kupanda ndiko kusikoaminika.

"Lakini chini ya kipeuo tumepata 9, na 9 ni chanya," akasema.

Wengi hukagua hapo tu, wakaridhika. Shida ya 2 ilikuwa upande wa pili. Alama ya √ haitoi namba hasi kamwe, kwa hiyo x − 5 sharti iwe sifuri au zaidi, yaani x isipungue 5. Ukiandika hilo pembeni kabla ya kuanza, 2 unaijua mapema.

Nilimchorea grafu. Mchoro wa √(x + 7) ulianzia −7 kwenye mhimili wa x, ukapinda ukipanda polepole kuelekea kulia, na mstari wa x − 5 ukaukata mahali pamoja tu, x ikiwa 9, kimo 4. Kisha nikachora kwa nukta nusu ya chini, −√(x + 7). Mstari uleule ukaikata x ikiwa 2, kimo −3. Akaweka kidole pale kwenye makutano ya chini.

"Kumbe hili ni jibu la swali jingine!"

Ndivyo. Ni jibu halali la −√(x + 7) = x − 5. Ukizidisha kila upande kwa wenyewe, maswali hayo mawili yanageuka kuwa mlinganyo mmoja, na mlinganyo huo hauwezi kukumbuka ulitoka kwa lipi.

Alinyamaza kidogo, akageuza upande wa kulia: √(x + 7) = 5 − x. Akazidisha, akapata mlinganyo uleule, na 9 na 2 zilezile. Safari hii 2 ikasimama, 3 kwa 3, na 9 ikaanguka, 4 dhidi ya −4. Alicheka kwa sauti.

Halafu akauliza kama yote mawili yanaweza kuwa ya uongo. Tulitafuta kwa muda mrefu, tukijaribu na kufuta, mpaka tukafika kwenye √(−3x − 2) = x. Ukizidisha unapata −1 na −2. Rudisha −1: 1 haiwi −1. Rudisha −2: 2 haiwi −2. Akaandika chini yake, kwa herufi kubwa, HALINA JIBU, akaenda kulala.